Mgeni wa Ghalani

Hodi ilitokea ndani ya ghala.

Naima alikuwa uani mchana akipepeta mchele. Akaitika, "Karibu," ndipo akakumbuka kwamba ghala lile halina mtu wala dirisha.

Nyumba hiyo ya Kondoa mjini ilijengwa zamani na mfanyabiashara wa pembe. Kuta zake ni za udongo, nene, na kwa hofu ya wezi aliiwekea mlango mmoja tu. Naima alihamia humo na mumewe Halfani, fundi wa kuchomelea aliyekuwa kazini mbali, Kizota. Mwenye nyumba, Bi Mwanahawa, aliwapokea kwa uji wa moto na chandarua cha mtoto.

Sasa harufu ya jasho ilijaa ua. Maji ya mtungi yalikauka. Naima aliukimbilia mlango, akausukuma kwa bega, haukutikisika.

"Umeitikia?" Bi Mwanahawa alinong'ona, akitoka chumbani mwake.

"Kaomba kistaarabu, bibi."

"Mwanangu! Humu hatuitikii. Babu yangu aliyeijenga nyumba hii aliwafungia wapagazi wake ghalani, akasafiri. Walikufa kwa kiu, jini likachukua sauti zao."

"Tulifukuze?"

"Umeshalikaribisha, likifukuzwa litakasirika. Lisindikize kama mgeni yeyote, uliage nje. Lakini usibebe kitu. Likipata pa kushika, haliachii. Mtoto niachie mimi."

Asma, wa miezi saba, alikuwa amelegea, midomo imepasuka. Naima alilitazama giza la ghala, akawaza, mtoto si mzigo, nitamwachaje humu. Akamfunga mgongoni.

"Naima, usi—"

"Karibu nikusindikize, mgeni," Naima alisema, akatangulia, na nyuma yake miguu mingi ikaburuzika kwenye vumbi, ikimfuata taratibu kwa adabu, pumzi kavu ikimgusa kisogo, naye hakugeuka, akasoma kila dua aliyofundishwa chuoni utotoni, mpaka mlango ukafunguka wenyewe na jua la barabarani likampiga usoni.

"Kwaheri, mgeni."

Miguu ikanyamaza. Naima alilia kwa furaha, akasimama kupumua.

Ndipo mgongo ukaanza kumwelemea, kama aliyebebeshwa gunia la chumvi. Mkono mdogo wa Asma ukamshika shingo, ukakaza.

"Usisimame, mama," mtoto alisema kwa sauti ya mtu mzima. "Kwetu ni mbali."