Salamu Ndefu ya Immakulata

"Rudi ndani ukamwombe radhi," Raymond alisema, mikono kiunoni, barazani pa ofisi ya wakimbizi pale Kibondo.

"Kwa lipi?"

"Hulijui? Mzungu kakuuliza hali kwa Kiingereza, wewe ukamwanzia bibi anaumwa Busunzu, maharage yameozea shambani, mjomba kahamia Kasulu. Mama wa watu akabaki anatazama saa."

Immakulata alicheka kidogo. Mwaka huo wa 1996, Raymond, karani wa ofisi hiyo aliyetoka Moshi, alikuwa akimfundisha Kiingereza kila jioni: ndoo, ungo, homa, foleni, maneno ya kila siku. Penzi likaingia humo humo. Jumamosi wazee wake walikuwa waje kutoa posa. Na asubuhi hii Immakulata alikuwa ametoka kwenye usaili wa ukalimani.

"Ulinifundisha maneno," alisema. "Hukuniambia kwamba wenzetu Wazungu wakikuuliza hali, hawataki habari za nyumbani. Kwetu ukijibu neno moja, watu wanadhani unaficha msiba."

"Kwenu ni kwenu."

"Umesahau siku ya kwanza ulipokuja Busunzu? Bibi alikusalimu, ukajibu 'salama', ukakaa. Akina mama jikoni wakaanza kunong'ona, huyu kijana kafiwa na nani? Kuna aliyekwambia uombe radhi? Mjomba alikuvuta pembeni, akakuelekeza, ukaja ukala ugali."

"Usimlinganishe bibi yako na bosi wangu, Imma."

Maneno hayo yalimkaa vibaya. Kabla hajajibu, mlango ulifunguka. Bi Karin, yule bosi Mzungu, akatoka na kikombe cha chai. Raymond akamwahi, akammiminia Kiingereza cha haraka haraka, akiamini mchumba wake hataambulia kitu.

Immakulata aliambulia chote. Msamehe bure, Raymond alikuwa anasema. Ni binti wa porini. Nimemleta kwa kumwonea huruma tu, hakuna lolote kati yetu.

Akasogea. Akazungumza Kiingereza, taratibu, akimtazama yule mama machoni.

"Bi Karin, leo nimejifunza desturi yenu. Ukiniuliza hali siku nyingine, nitajibu kwa ufupi. Lakini Warundi kule kambini ukiwauliza, wape nafasi. Jibu lao ni refu kama langu. Na huyu aliyenionea huruma alikuwa mchumba wangu. Wazee wake walikuwa waje kwetu Jumamosi."

Bi Karin alimtazama Raymond, kisha akavuta kiti, akakaa.

"Bibi yako anaendeleaje?"

"Homa imeshuka. Ila bado hali chakula vizuri, na hapo ndipo tunapohangaika."

Walizungumza mpaka chai ikapoa. Yule mama aliponyanyuka kurudi ndani, alisema, "Jumatatu uje kazini."

Mlango ulipofungwa, Raymond akamshika mkono, sauti kaishusha.

"Imma, umeniumbua mbele ya bosi. Niombe radhi tu yaishe. Jumamosi wazee waje kama tulivyopanga."

Akautoa mkono wake.

"Wazee wako waambie wakae kwao."

"Kwa neno moja tu? Sema samahani, mpenzi. Mimi na wewe, nani atajua?"

"Sisemi."

"Imma."

"Bosi wako sikumwomba radhi, Raymond. Na wewe sikuombi."

Akashuka ngazi, akaelekea stendi kutafuta gari la Busunzu.