Jiko Ndani ya Gari la Gaston

Gaston ni fundi wa mashine za kusaga mahindi. Mahindi yakishavunwa, kila kijiji kinamwita. Leo yuko Mulungwishi, kesho yuko kando ya ziwa Tshangalele. Alipochoka kuomba mahali pa kulala, alinunua basi dogo kuukuu, akang'oa viti, akaweka kitanda, kabati la mbao na sanduku la spana. Hiyo ndiyo nyumba yake. Mke wake Hortense huiita "nyumba yenye kikohozi", kwa sababu ya injini yake. Binti yao Elikia, mwenye miaka minne, hulala katikati yao.

Wanakijiji wengi humlipa Gaston kwa kuku. Kuku hao husafiri ndani ya kapu, chini ya kitanda. Hortense husema atawauza sokoni, lakini mara nyingi sufuria huwawahi.

Mwezi wa sita baridi iliingia Likasi. Watu wasioijua Katanga hudhani Kongo nzima ni joto. Waje walale ndani ya bati mwezi wa sita, halafu tuzungumze. Wakati huo gari lilikuwa limeegeshwa katika mtaa wa Kikula, karibu na nyumba ya Papa Augustin. Mzee huyu alifanya kazi kwenye matanuru ya shaba miaka ishirini na saba.

Jioni moja Hortense alipika bukari, yaani ugali, nje, juu ya mbabula, lile jiko la bati la makaa ambalo kila nyumba inalo. Walipomaliza kula, Gaston aliyatazama makaa. Yalikuwa mekundu, hayatoi moshi hata kidogo.

"Makala imeiva," alisema. "Moshi imeisha. Tuingize mbabula mu gari, mutoto asisikie baridi."

"Na mupepo ya ku muliango?" Hortense aliuliza.

"Minye nitaziba na bitambala."

Akaziba kila tundu. Gaston ni fundi. Akiziba kitu, kimezibwa.

Jua lilikuwa limeshachomoza Hortense alipofungua macho. Kichwa kilimgonga, na alitaka kutapika. Alitambaa mpaka mlangoni, akausukuma, akaanguka nje kwenye vumbi. Hewa ya baridi ilimwingia kifuani, na akili ikamrudia kidogo.

"Elikia," aliita. Mtoto hakuitika.

Papa Augustin alikuwa akifagia uwanja wake. Alimwona Hortense chini, akaiona mbabula ndani ya gari. Alitupa ufagio. Alivuta pumzi nje, akaizuia, akaingia. Alimtoa mtoto kwanza, amelegea kama nguo iliyoloa. Akafungua milango yote, kisha akamburuta Gaston kwa mabega, naye akafumbua macho huko nje.

"Lamuka, mama," Hortense alimwambia mtoto wake, akimpapasa mashavu ili aamke. "Lamuka, Elikia. Lamuka."

Muda ulipita. Kisha mtoto alikohoa, akalia. Hortense ameimba kwaya tangu utoto, lakini hajasikia sauti tamu kuliko kilio kile.

"Kulia haitoshe," alisema Papa Augustin. "Twende ku dispensaire, bote batatu. Sumu iko bado mu damu."

Muuguzi aliwapa oksijeni, Elikia kwanza. Walikaa zahanati mpaka alasiri.

Waliporudi, Gaston aliwakuta kuku wote watano wamekufa ndani ya kapu. Huzuni ilimshika, lakini alifurahi kidogo kupata mtu wa kulaumu.

"Sababu njo hiyi," alisema. "Yule muntu wa Tshangalele alinilipa kuku ya ugonjwa. Njo ilitugonjesha."

Papa Augustin alichukua kuku mmoja, akamgeuza polepole.

"Gaston, kuku akikufa na ugonjwa, kilemba inakuwa nyeusi, sawa maini. Angalia hiyi."

Kilemba kilikuwa chekundu sana, chekundu kuliko cha kuku mzima.

"Ni gaz ya makala," alisema mzee. "Haina rangi, haina harufu. Inaingia mu damu, inakamata fasi ya mupepo muzuri. Damu inabakia nyekundu, lakini mwenye damu anakufa. Kuku iko na kifua kidogo, njo ilitangulia."

"Lakini makala ilikuwa imeiva, papa. Moshi haikuwa."

"Moshi ni rafiki yako. Inakukohoza, unatoka. Hiyi ingine inakulalisha." Mzee akaketi juu ya tofali. "Ku kazi nilikuwa na ndugu yangu, Symphorien, sentineli. Aliingiza mbabula mu kajumba kake ka kulinda. Asubuhi tulimukuta amekaa pa kiti, sawa muntu anangojea chai. Hakuna muntu alimwambiaka."

Gaston alivua kofia.

"Aksanti, papa," alisema Hortense. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha. "Mutoto wangu iko muzima sababu yako. Lakini baridi itakuwa mpaka mwezi ya munane, na kazi ya Gaston iko mu njia. Tutafanya namna gani?"

"Mbabula haiingie tena mu gari, hata siku moja. Hata dirisha ikiwa wazi. Mukitaka moto ndani, ni jiko ya chuma yenye kufungwa, na tiyo, bomba ya kutoa moshi na gaz juu ya paa. Nitaitengeneza pamoja na Gaston. Lakini atanisikiliza."

"Atakusikiliza," alisema Hortense, kabla mume wake hajafungua mdomo.

Kazi ilichukua siku sita. Papa Augustin aliunda jiko dogo la chuma kinene, lenye mlango unaobana. Gaston alitaka kuliweka karibu na kitanda.

"Unataka kuota moto ama kuoka godoro?" aliuliza mzee.

Wakaliweka upande wa pili, mbali na kitanda na mapazia. Kabati la mbao likahamishwa. Sakafuni walipanga matofali na kuyafunika kwa bati nene, kisha wakafunga miguu ya jiko kwa bolti, kwa sababu gari hutikisika na jiko halina mikono ya kujishikilia. Ukutani waliweka bati lingine, wakiacha nafasi ya vidole viwili nyuma yake ili hewa ipite. Dumu la mafuta ya gari, ambalo Gaston alikuwa akiliweka chini ya kitanda, lilitolewa na kufungiwa ndani ya sanduku la chuma nje, nyuma ya gari.

Bomba la moshi walilipandisha wima. Kila kiungo kilizibwa kwa udongo unaostahimili moto. Kwenye paa walikata tundu pana kuliko bomba, wakalizungushia bamba la chuma, ili bomba lisiguse mbao wala rangi. Lilipita juu ya paa kwa kimo cha mkono mzima, na juu yake wakaweka kofia ya kuzuia mvua.

Mwishoni mzee alitoboa ukuta wa gari karibu na jiko, chini kabisa, tundu la ukubwa wa kiganja. Akaliwekea wavu. Akatoboa lingine juu, karibu na dari. Gaston aliumia kama aliyetobolewa yeye.

"Papa, tunaleta moto, na tunafungulia baridi muliango?"

"Moto inakula mupepo, Gaston. Ukiinyima yake, itakula yako."

Waliagiza pia Lubumbashi kifaa kidogo kinacholia pale gesi hiyo inapoanza kujaa. Wakakitundika karibu na kitanda.

Jioni ya kwanza jiko liliwaka vizuri. Papa Augustin alikaa nao, akatazama, akaridhika, akaenda ibadani. Gaston akabaki na miguu yake karibu na tundu la hewa. Upepo ulimtekenya vidole. Alivumilia kidogo, kisha akavua soksi moja.

Baada ya muda kifaa kililia, sauti kali ya kutoboa masikio. Hortense alimbeba Elikia, wakatoka nje wote watatu, wakafungua milango. Walisimama kwenye baridi, majirani wakichungulia. Hortense alitazama miguu ya mume wake.

"Soksi yako ingine iko wapi?"

Gaston alitazama nyota.

"Baba ya Elikia, nakuuliza."

"Iko mu kitundu," alisema.

Papa Augustin aliporudi na kuambiwa, hakucheka. Aliwaambia tena, polepole, mbele ya Elikia, ili hata mtoto ajue. Tundu halizibwi. Jiko haliwashwi gari likiwa linatembea. Moto uzimike kabisa kabla ya kulala, kwa kuwa mablanketi yatatunza joto. Majivu yawekwe nje, ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko, maana majivu yana unafiki, hupoa juu na kuwaka chini. Bomba lisuguliwe kila mwezi.

Siku ya kuondoka, Hortense alimletea mzee kitambaa kipya cha shati. Alikirudisha.

"Munilipe na mudomo," alisema. "Pa kila mashini mutasimama, museme. Njo malipo yangu."

Mwezi wa saba walifika Mulungwishi. Gaston aliifungua mashine ya kusaga, na wanawake wakakaa kwenye mstari na mabeseni yao ya mahindi. Asubuhi ilikuwa ya baridi kali. Hortense aliwasimulia yote, kuku, Elikia, hata soksi. Waliposikia ya soksi walicheka sana, na Gaston akajificha nyuma ya injini.

Mwanamke mmoja hakucheka. Aliitwa Mama Tina. Alisimama ghafla.

"Hadassa wangu amezaa juzi," alisema. "Iko mu nyumba na mutoto, na mbabula. Minye mwenyewe nilifunga dirisha leo."

Aliliacha beseni lake, akakimbia. Hortense akamfuata. Walipofungua mlango, Hadassa alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, akisema kinamuuma. Kichanga kilikuwa kimelala mno. Walifanya kama Papa Augustin alivyofanya. Wakawatoa wote wawili juani, kisha wakawapeleka zahanati, na Hortense akarudi kwenye mashine.

Saa saba mchana Mama Tina alirudi kwenye mashine, kichanga kimefungwa kifuani. Alimshika Hortense mikono yote miwili.

"Mama, beko bazima. Infirmier wa dispensaire amesema kama tungekawia, tungebalilia. Aksanti. Aksanti sana."

"Hiyo aksanti haiko yangu," alisema Hortense. "Iko na mwenyewe, kule Likasi."

Akapiga simu kwa Papa Augustin, akampa Mama Tina. Mama Tina aliishika kwa mikono miwili.

"Papa, hatujuane," alisema. "Minye niko Mama Tina wa Mulungwishi. Nakuambia aksanti juu ya mujukulu wangu."

Mzee akauliza, kwa sauti ndogo, iwapo mtoto anapumua vizuri.

Mama Tina alisogeza simu kifuani, karibu na mdomo wa kichanga, ili mzee aisikie pumzi mwenyewe.