Safta, Upande wa Walio Hai

Leontina, mtunza kanisa wa kijiji cha Valea Corbului, ana sauti ya kuitia ng'ombe walio mlima wa pili. Jumapili ile, baada ya ibada, aliitumia kusoma karatasi ya Pompiliu ya majina ya kuombewa na padri mbele ya foleni nzima ya vibibi.

"Pompiliu, baba, huyu Safta umemwandika upande wa walio hai. Angekuwa na miaka mia na thelathini na ushee."

Vibibi wakacheka mpaka mishumaa ikayumba. Pompiliu alikuwa ameendesha malori Ulaya nzima kwa miaka ishirini bila kupotea, na sasa karatasi yenye safu mbili tu, wazima huku na wafu kule, imemshinda.

"Wanawake wa ukoo wetu hawafi kirahisi, mama," alisema, masikio yakimwaka.

"Utani weka pembeni. Karatasi hii uliileta Oktoba. Kila Jumapili padri anamwombea afya."

Hapo hakuna aliyecheka.

Safta alikuwa shangazi wa mama yake Pompiliu, na ndiye aliyemlea mama huyo. Mama alihamia mjini akiwa na miaka kumi na saba, hakurudi tena. Sasa mama alikuwa amefariki, mke ameondoka zamani, mtoto hakupata. Pompiliu alitaka kitu kimoja tu: kaburi la Safta, ili siku yake ikifika alazwe kando ya mtu wake.

Leontina alimfungulia kabati la vitabu vya kanisa. Safta kubatizwa, 1889. Kuolewa, 1910. Kufiwa na mume, 1916. Kufa, hakuna. Likabaki daftari la Januari, ambamo padri huandika kila mwaka apitapo nyumba kwa nyumba kunyunyiza maji ya baraka.

"Safta, nyumba ya kisimani. Roho mbili." Ya pili ilikuwa mama yake Pompiliu. Mwaka hadi mwaka, roho mbili. 1956, roho moja. 1957: "Mlango haukufunguliwa." Mapadri watano, miandiko mitano, zaidi ya miaka sitini: mlango haukufunguliwa.

Januari hii: "Mlango ulifunguliwa. Roho moja."

"Padri wetu ni mgeni hapa," Leontina alinong'ona. "Huandika anachokiona."

Pompiliu alikwenda mchana uleule. Theluji ilimfika magotini, na njia nzima alijipigia soga mwenyewe, kama alivyozoea kwenye lori. Paa la nyumba ya kisimani lilikuwa limebonyea. Bomba la moshi lilikuwa baridi. Juu ya mlango lilichomekwa tawi la mrehani, lile ambalo padri hunyunyizia maji ya baraka, na halikuwa limekauka.

Mlango ulikuwa wazi kidogo.

Ndani, giza la madirisha yenye vumbi. Meza. Kitanda kilichotandikwa. Alivua kofia, akajiona mpumbavu, akasema hata hivyo, "Bibi, ni mimi. Mjukuu wako."

Kisha nyuma yake, karibu sana na sikio, kwa upole:

"Umekula?"

Miaka mingi hakuna aliyemuuliza hivyo. Ndiyo maana, kabla ya hofu, lilimtoka jibu.

"Bado."

Kijiko kikagusa chungu. Hapakuwa na chungu. Hapakuwa na moto. Kikagusa tena.

Alikimbia. Hakukumbuka theluji. Alifika kanisani akihema kama injini mbovu, na Leontina ndiye aliyeona: kifungo cha koti lake, kilichokatika njiani Ujerumani miaka mitatu nyuma, kilikuwa kimeshonwa. Kwa uzi mwekundu. Uzi bado ulikuwa na umajimaji wa mate pale ulipokatwa kwa meno.

Leontina alimwekea ile karatasi ya majina na kalamu mezani.

Pompiliu aliweka kidole juu ya kifungo.

"Mama Leontina," alinong'ona, "tungemwacha tu na walio hai mpaka Pasaka? Sina mwingine. Nani anaumia?"

"Yeye. Amesubiri peke yake vya kutosha. Shika kalamu, umwandike na wafu."