Jina Lililoanikwa Kwenye Mzani wa Kitangari

Mzani wa ghala la korosho Kitangari ulikuwa mtupu, lakini ulisoma kilo ishirini na moja, uzito wa mtoto. Fakihi akaufuta kwa kiganja. Namba haikutikisika. Halafu ikaja harufu ya majivu na dawa ya kidonda, ile ambayo kila mwanaume aliyepita jandoni anaijua, na wewe unayejifanya mgumu ingekutoa mbio.

"Umeigusa maktaba yangu ya programu?" Fakihi alimuuliza Alfredi, mwenzake waliyeandika naye programu ya mzani ule kwa lugha ya C.

"Nimeihamishia Linux, Baba Pendo. Windows ilikuwa inakwama."

"Na ile makro kwenye faili la kichwa?"

"Upande wa Linux nimeiacha tupu. Imekubali bila kelele."

Fakihi akapiga meza ngumi. Imekubali nini, zoba huyu? Kompaila ya Windows, ile inayogeuza maandishi kuwa programu, huficha majina ya ndani ya maktaba mpaka makro, amri fupi ya mwanzo wa programu, iyatoe nje. Ile ya Linux huyaanika yote mpaka uyafiche. Sasa yote yalikuwa nje, likiwemo lile ambalo Fakihi, kwa ujuaji wake, alikipa kipande kimoja cha programu akidhani hakuna wa nje atakayeliita: jina lake la utotoni, lililozikwa jandoni. Silitaji, sijachoka kuishi. Walimu wa jando walimwonya: ukiliitikia, unampisha yule mtoto uliyemwacha porini achukue nafasi yako.

Spika inayowasomea wakulima uzito ikakwaruza, ikaliita jina taratibu, ikaliita tena kwa karibu zaidi, kama vile mdomo uko shingoni, na vumbi likatimka chini ya mzani bila upepo, huku Alfredi akiandika makro upya mbiombio na Fakihi akimtukania ukoo mzima, mpaka hasira ikampanda kichwani, na ile sauti ilipoita mara nyingine akaigeukia akafoka:

"Unataka nini wewe?"

Hapohapo kompaila ikamaliza kazi. Spika ikakata. Harufu ikaisha.

"Nimelificha," Alfredi alinong'ona. "Baba Pendo, umepona?"

Mwanaume yule alikuwa anaitazama mikono yake, anaikunja, anaikunjua, kama nguo ya kuazima.

"Pendo ni nani?" akauliza, kwa sauti ambayo haijabalehe.