Wengine Mnaonaje?

Mlangoni mwa ukumbi wa mikutano palikuwa na foleni ya watu wasiojuana: dereva wa lori, mwalimu, nesi mstaafu, mama mwenye mtoto mgongoni. Kompyuta ndiyo iliyowachagua, kwa bahati nasibu, kama ilivyowachagua wenzao katika miji mingine mingi duniani. Wote wajadili swali moja: watu ambao joto na mafuriko yamewatoa makwao, nani awapokee? Majibu yao yangepelekwa kwa wakubwa wa dunia.

Aliyekuwa akigawa vitambulisho ni dada mmoja mrefu, blauzi nyeupe, sketi ya kijivu, hereni ndogo ambazo ukipepesa macho huzioni. Mbele yake akasimama kijana wa shati la maua lililopigwa pasi hadi likakakamaa, ananukia spiriti ya kinyozi, maana ndiyo kazi yake.

"Dada yangu, sijui nimefika au nimetapeliwa," akasema. "Mliponipigia simu nilikata. Mlipopiga tena nikawatukana. Leo nimekuja nione matapeli wanafananaje."

"Na tunafananaje?"

Akamtazama, akasahau utani wake kidogo. "Mmh! Kama ndio hawa, niibieni tu."

Foleni nzima ikacheka. Dada akainama kuficha tabasamu, akamvisha kitambulisho. Kazi yake hasa ilikuwa kusimamia meza ya kwanza, na bahati nasibu, ambayo siku hiyo haikuwa na kazi nyingine, ikamtupa Kinyozi meza hiyohiyo.

Sasa, kusimamia meza ni kazi ya ajabu kidogo. Mwenye meza anampa kila mtu nafasi ya kusema, mwoga anamtia moyo, msemaji anamkata kwa adabu. Anayetaka kusema ananyanyua kadi ya kijani. Lakini yeye mwenyewe haruhusiwi kuwa na maoni. Akisema tu "mimi naona", kibarua kimeota nyasi. Na dada huyu alikuwa hodari kuliko wote, maana alianza zamani. Wazazi wake waliponuniana, yeye ndiye aliyetumwa huku na huku: baba anasema hivi, mama anajibu hivi. Hakuna aliyewahi kumuuliza yeye anasemaje. Shangazi aliyekuwa akiishi naye alikuwa amechoka.

"Wewe mtoto," Shangazi alikuwa akimwambia, "nikikuuliza chai au kahawa, unaniuliza mimi ninaonaje! Mimi naona uende ukalale."

Kinyozi akambatiza jina Bi Mizani. Siku za mwanzo alikuwa mbishi kwelikweli. "Mji wenyewe umejaa, watu watakaa wapi? Kwenye paa?" Kisha, kwenye skrini kubwa ya ukutani, akatokea fundi viatu kutoka upande wa pili wa dunia, mtaa wake wote uko chini ya maji, akaeleza kwa upole namna anavyolala sebuleni kwa mkwewe na kuamka kabla ya watoto ili wasimuone amejikunja sakafuni. Kinyozi akanyanyua kadi.

"Kwangu dukani benchi likijaa, mteja akija, tunasogea," akasema. "Hata siku moja sijamwambia mtu benchi limejaa. Jamani, nilikosea. Nabadilisha."

Bi Mizani alikuwa amezoea kuona watu wakibishana hadi jasho liwatoke. Mtu wa kusema nilikosea, mbele za watu, bila hata kona ya mdomo kutetemeka, hakuwa amemzoea. Moyo ukamruka.

Simu zikaanza jioni hiyo.

"Bi Mizani, kikao kesho saa ngapi?"

"Saa tatu. Kama leo. Kama jana."

"Najua. Nilitaka tu kuisikia kwako. Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nitakula ukiniambia unanipenda kidogo."

"Basi utalala njaa," akasema, akicheka, na Shangazi akapunguza sauti ya redio ili asikie vizuri.

Ila Kinyozi aligundua jambo. Alikuwa akimuuliza: shati gani nivae? Anajibiwa: yote mazuri. Unanipenda? Anachekewa. Miezi miwili ya simu, na hajapewa jibu hata moja la kushika mkononi. Kikao cha mwisho kikawa kinakaribia, na baada ya hapo kila mtu kwao.

Basi siku ya mwisho kabla ya kura, Bi Mizani akasema kama kawaida, "Tumefika kwenye mengineyo. Nani ana lake?"

Kadi ya kijani ikapanda. Ilikuwa ya Kinyozi.

"Mimi nina langu. Nampenda msimamizi wetu. Nataka kumuoa. Nimeuliza pembeni sijajibiwa, nauliza hapa."

Damu ikampanda Bi Mizani hadi masikioni. Alitaka kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwa pale kooni, nzima, imeiva. Lakini mdomo una mazoea yake, na ukafunguka wenyewe:

"Asante sana kwa mchango wako. Wengine mnaonaje?"

Loo! Dereva wa lori akapaliwa na maji. Nesi mstaafu akafumba macho. Kinyozi akaiweka kadi mezani taratibu, akatabasamu tabasamu lisilofika popote. "Limeisha hilo," akasema. "Tuendelee."

Hakupiga simu jioni ile, wala kesho yake. Siku ya kura alikuja akapiga kura yake, ukumbi ukakubaliana kwa wingi mkubwa kwamba wapokewe, watu wakakumbatiana, wakapeana namba. Msimamizi hana kura. Yeye alisimama pembeni akikusanya kadi. Alipoinua macho, shati la maua lilikuwa limeshatoka mlangoni.

Nyumbani chakula kikamshinda.

"Unaumwa?" Shangazi akauliza.

"Sijui."

"Unampenda yule wa simu?"

"Shangazi, wewe una..."

"Koma! Ukiniuliza ninaonaje nakupiga na mwiko huu. Mimi nilishapenda wangu nikamaliza. Wewe je?"

Akalia. Alilia kama mtoto aliyekuwa akingojea zamu yake muda mrefu.

Jumamosi, duka la kinyozi limejaa hadi mlangoni, mashine zinanguruma, benchi halina nafasi. Akaingia dada mrefu katika gauni jekundu, gauni lililokaa kabatini kwa sababu mwenyewe hakuwahi kuamua kama linampendeza. Waliokaa benchi wakasogea. Hakukaa. Akafungua mkoba, akatoa kadi ya kijani, akainyanyua.

Kinyozi akasimama na mashine hewani, mteja wake kanyolewa nusu kichwa.

"Haya," akasema kwa sauti kavu. "Sema, dada."

"Kwa upande mmoja..." akaanza, akajikata mwenyewe. Akavuta pumzi. "Hapana. Nakupenda. Tangu ulipoacha kupiga simu sikula chakula nikakijua ladha. Nataka uniulize saa ambazo unazijua. Ulisema ulikosea mbele za watu, na mimi nasema mbele za watu: nilikosea. Nataka unioe. Na hili gauni linanipendeza."

Mashine zote zikazimwa. Kinyozi alimtazama, macho yamejaa maji, kisha kona ya mdomo ikaanza kucheza. Akawageukia wateja.

"Asante sana kwa mchango wako. Jamani, wengine mnaonaje?"

"Naunga mkono!" akasema wa nusu kichwa. "Ila nimalizie kwanza."

"Nyamazeni wote!" Bi Mizani akapaza sauti, na hata yeye ikamshtua. "Hili halipigiwi kura. Nimeshaamua."

Duka likalipuka kwa vifijo. Kinyozi akaweka mashine chini, akamshika mkono usio na kadi.

"Basi shusha hiyo kadi, mpenzi. Jibu nimelipata."

"Sishushi," akasema. "Bado sijamaliza."