Hodi Kutoka Ukutani

Hodi ile ilitokea upande usio na mlango. Juliana hakuinua hata kichwa. Alikuwa meneja wa mashine ya kukoboa mpunga pale Chimala, na msimu wa mavuno meneja hana muda wa kumtazama kila anayebisha. Macho yalikuwa kwenye kompyuta, kinywa kikajibu chenyewe.

"Karibu, pita. Kaa hapo, nakusikiliza."

Kiti cha wageni kikalia. Ofisi ikanuka pumba zilizolowa na kuoza. Alipoinua macho hapakuwa na mtu, ila kiti kilikuwa chapachapa, na kule hodi ilikotokea ni ukuta mtupu. Akamlaumu mfagiaji. Wenye vyeo hawakosi wa kumlaumu.

Saa ya chai, Samwel, fundi wa mashine, alileta vikombe viwili.

"Cha pili cha nani?"

"Cha mgeni wako, bosi." Samwel alikuwa ameinamia sakafu. "Huyo hapo nyuma yako. Mwambie basi asinitazame hivyo."

Juliana alicheka kwa nguvu ili wa nje wasikie. Lakini kutwa nzima wabeba magunia walimkwepa, na jioni alipoingia kwenye gari, kiti cha pembeni kilibonyea polepole, kisha ile harufu ikajaa. Aliendesha madirisha yakiwa wazi.

Nyumbani, Anjela, mtoto wake wa pekee, alikuja mbio kumlaki kama kawaida. Akasita, akampita mama yake, akanyoosha mkono hewani.

"Shikamoo."

Mkono haukurudi. Ulibaki umening'inia, mtoto akaanza kulia, mpaka baba yake, Lusekelo, alipomvuta kwa nguvu. Kwenye ngozi palibaki alama za vidole, vingi kuliko vya mkono mmoja.

"Mke wangu," Lusekelo alinong'ona, "umekuja na nani?"

Juliana akaeleza yote, tangu ile hodi. Lusekelo akampigia simu Shehe Mansoor, muuza spea za mashine ambaye watu humfuata kwa dua zake. Shehe alifika jua likiwa bado halijazama, akasoma dua mlangoni, akakataa kuvuka kizingiti.

"Mama Anjela, ulimkaribisha kwa kinywa chako," alisema kwa sauti ya chini. "Mgeni wako mimi siwezi kumfukuza. Naye amempenda mtoto. Msindikize hadi kwenye mfereji wa mashamba, umuage, urudi. Njiani usigeuke. Ukigeuka atarudi nawe, na akiingia tena humu, ataondoka na mtoto."

Kisha akawahi swala ya magharibi. Lusekelo akajifungia ndani na Anjela.

Juliana akashika njia, na nyuma yake zikaja nyayo zilizolowa, chwa, chwa, zikikaza alipokaza na kupunguza alipopunguza, ile harufu ikimpanda puani mpaka machozi yakamtoka, naye akawa anajiambia kwamba ni mwendo tu, mfereji si ule pale unaonekana, bado kidogo, bado kidogo tu, mpaka aliposikia ndala ndogo zikikimbia kando ya zile nyayo, na sauti ya Anjela ikilia, "Mama, nisubiri, amenishika!"

Mama gani angevumilia? Aligeuka.

Njia ilikuwa tupu. Hapakuwa na mtoto. Vidole vya baridi, vingi, viliingia kwenye kiganja chake na kumvuta kuelekea nyumbani. Alijaribu kugoma, alijaribu hata kujitupa chini, lakini miguu haikuwa yake tena.

Mlangoni alimsikia Anjela akilia ndani na Lusekelo akimbembeleza. Alifungua kinywa apige kelele wasifungue, hata iweje wasifungue. Sauti yake ilitoka, ila haikutoka kwake. Ilitoka pembeni yake, tamu na tulivu.

"Baba Anjela, nimeshamsindikiza. Nimerudi peke yangu. Nifungulie."

"Afadhali, mke wangu," Lusekelo akajibu, na komeo likaanza kuvutwa.