Harufu Aliyoifunika Avelina

Mvua za kwanza za vuli zikishanyesha Ihembe, kahawa huchanua. Maua hukaa siku chache tu kisha hunyauka, lakini katika siku hizo kitongoji kizima hunukia, na hata wenye pikipiki hupunguza mwendo. Asubuhi moja ya siku hizo Ma Kemirembe alikuwa ameketi barazani kwa mwanawe, mguu wake unaouma ameunyoosha mkekani, akimenya ndizi za mchana. Mjukuu wake Joanitha, mtoto wa miaka minne, alikuwa amemwegemea ubavuni.

Avelina, mkamwana wake, akaanza kufunga madirisha kutoka ndani, moja baada ya jingine.

"Harufu ya mbolea inaingia," alisema.

"Ni maua, mama Joanitha."

"Ni maua na mbolea, Mama. Na moshi wa kwa jirani." Akalifunga na lile la mwisho, kisha kikasikika kikopo cha manukato kikipulizwa sebuleni.

Ndugu zangu, msimhukumu Avelina kabla ya kujua alikotoka. Alizaliwa Igurwa, mtoto wa tano katika nyumba ambayo mafiga yalikuwa ndani, na nguo za watu wote zilitundikwa kwenye kamba moja mle mle moshini. Alipokwenda sekondari ya bweni, msichana waliyepangiwa naye vitanda vya jirani aliomba kuhamishwa siku ile ile. Alisema mwenzake ananuka moshi. Wengine wakampa Avelina jina la Jikoni, na jina hilo alikaa nalo miaka minne. Hakumwambia mtu yeyote nyumbani. Aliapa tu moyoni kwamba akiwa na nyumba yake, hakuna atakayeingia na kukunja pua.

Aliolewa na Deodatus, mwalimu wa shule ya msingi, wakajenga nyumba ya tofali yenye madirisha ya vioo, naye akakitimiza kiapo chake. Akanunua jiko la gesi. Akanunua sabuni ya marashi, dawa ya kulainisha nguo, vidonge vya buluu vya chooni, na vikopo vya kupulizia sebuleni vilivyoandikwa lavenda, ua ambalo hajaliona hadi leo. Usafi si kosa, na mtu kupenda nyumba inayonukia si kosa. Kosa lilianza pale aliposhindwa kutofautisha uchafu na harufu ya watu wanaoishi.

Ma Kemirembe alikuja kutoka Songambele, wilayani Kyerwa, baada ya mguu kuvimba, ili awe karibu na matibabu. Alikuja na mfuko wa nguo, kibuyu cha maziwa kilichofukizwa kwa moshi wa majani kama wanavyofanya kwao, na chupa ya samli ya kujipaka mwilini. Joanitha alimpenda tangu siku ya kwanza. Alikuwa akisinzia kifuani pake, pua ameizamisha kwenye kanga ya bibi yake.

Maziwa yale Avelina aliyamwaga, akisema yananuka moshi. Wiki ya pili alimletea mama mkwe wake losheni na poda. Wiki ya tatu akaanza kuvihamishia vitu vya mkwewe chumba cha nyuma, kando ya stoo ya majembe.

"Ni kwa sababu ya jumuiya, Mama," alisema huku akikunja shuka. "Jumamosi wanajumuiya watasali hapa kwetu, na chumba hiki mlango wake uko sebuleni."

"Nanuka, mama Joanitha?"

"Sijasema hivyo."

"Samli najipaka tangu nikiwa msichana. Baba yake Deodatus hakuwahi kulalamika."

Deodatus alikuwa amesimama mlangoni na aliyasikia yote. Alisema ana madaftari ya kusahihisha, akaondoka. Neno moja la mwana lingetosha siku ile. Hakulisema.

Jumatano Ma Kemirembe alipita jikoni kuchukua maji, akasimama. "Humu kuna kitu kinanuka," alisema. "Kama kitunguu kilichooza."

Avelina alihisi uso unamwaka. Alidhani mama mkwe analipiza, kwamba baada ya kuhamishiwa chumba cha nyuma, naye sasa amemtafutia harufu ya kumwambia. Alimwaga takataka, akasugua sakafu, akapuliza lavenda. Alhamisi bibi akarudia: "Ile harufu bado ipo."

"Nimeshaipulizia, Mama."

Na kweli, Alhamisi hiyo hiyo jioni Avelina mwenyewe aliisikia, kidogo, chini karibu na mtungi wa gesi. Akainama na kupuliza mpaka nyuma ya kabati. Ijumaa hakuisikia tena. Pua ya mtu huzoea upesi kile inachokaa nacho, na yake ilikuwa imejaa lavenda.

Jumamosi alifunga madirisha tangu asubuhi ili nyumba ikolee. Alipuliza sebuleni, mapazia, viti, koridoni. Kabla ya saa sita Joanitha akaanza kukohoa, kikohozi kikavu kisichokatika. Ma Kemirembe akachukua fimbo yake, akamshika mtoto mkono.

"Tunakwenda kwenye kahawa," alisema. "Humu mtoto hapumui vizuri."

"Asichafue gauni, Mama. Wageni wanafika saa tisa."

Saa nane Avelina aliingia jikoni kuchemsha chai. Akawasha kiberiti.

Moto haukuanzia kwenye jiko. Ulitokea chini, ukapita sakafuni kama maji yaliyomwagika, ukapanda kwenye mapazia. Vioo vikapasuka. Mbonimpa, mkulima mwenye asili ya Burundi aliyekuwa akipalilia migomba yao, alikuja mbio na gunia alilolichovya kwenye pipa la maji, akajifunika nalo, akaingia na kuufunga mtungi. Alipotoka alimkuta Avelina amesimama uani, mikono ameinyoosha mbele yake. Alikuwa halii. Alikuwa anauliza jambo moja tu: "Mtoto yuko wapi?"

"Yuko na bibi yake kwenye kahawa, mama Joanitha. Keti chini."

Avelina alikaa hospitali wiki tano. Mikono yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji, na shavu moja na nyusi zilikuwa zimeungua. Mchana Deodatus alikuwa akifundisha, kwa hiyo aliyekaa kando ya kitanda ni Ma Kemirembe, mguu wake juu ya kigoda, akimnywesha uji kijiko kwa kijiko.

Wiki ya pili fundi wa gesi kutoka Kayanga alikuja kuwaeleza alichokiona. Mpira wa gesi ulikuwa umetafunwa na panya, na gesi ilikuwa ikivuja kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

"Hamkusikia harufu?" aliuliza.

Avelina alimtazama mama mkwe wake.

"Maana gesi yenyewe haina harufu," fundi akaendelea. "Ile harufu mbaya huwa wanaitia huko inakotoka, kwa makusudi, ikukere, uinuke ufungue madirisha."

Avelina alimwomba arudie. Fundi akarudia pole pole, akaaga.

Kisha Avelina akasema, "Mama, uliniambia. Nilidhani unanilipiza."

"Nilijua unadhani hivyo," Ma Kemirembe alisema. "Ijumaa niliisikia tena, kali kuliko mwanzo. Nikanyamaza. Niliona aibu, mtu ninayenuka nizungumzie harufu. Kwa hiyo na mimi nina kosa langu."

"Huna, Mama."

"Ninalo. Kunywa uji."

Jioni Deodatus alipofika, mkewe alimweleza maneno hayo. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamtazama mama yake. "Mimi nilisimama mlangoni," alisema.

Avelina alirudi nyumbani. Vidole vya mkono wa kulia havikunjiki mpaka mwisho, hawezi kukamata sindano, na nywele za Joanitha husukwa na jirani. Siku ya kwanza kabisa alivirudisha vitu vya mama mkwe wake chumba cha mbele, akivisukuma kwa viwiko pale vidole viliposhindwa. Akamwomba abaki.

Mama yule alimshukuru. Mguu ulikuwa umepata nafuu. "Nyumba yako ni nzuri, mwanangu," alisema. "Nimekusamehe na sina kinyongo. Lakini kule kwangu siamki kila asubuhi nikijinusa."

Jumatatu yake alirudi Songambele. Deodatus alimsindikiza hadi mlangoni kwake, akimbebea mfuko wake wa nguo. Siku hizi Avelina humpeleka Joanitha huko kila shule zikifungwa. Mtoto hukimbia mbele. Yeye husimama kwanza nje, hupiga hodi, husema shikamoo, na husubiri akaribishwe.

FUNZO

Wazazi wenzangu, na ninyi vijana mnaoanza maisha, hadithi hii haisemi kwamba manukato ni sumu wala kwamba moshi ni utakatifu. Moshi wa jikoni nao huua mapafu, na harufu iliyotiwa na watu kwenye gesi ndiyo ingeiokoa nyumba ya Avelina kama ingesikilizwa. Harufu, ya asili au ya kutengenezwa, inakuletea habari. Ukiifunika kabla ya kujua chanzo chake, tatizo linabaki pale pale, na wewe ndiye usiyejua tena kwamba lipo.

Na mkumbuke kwamba Avelina alichekwa bwenini, akakua, naye akamfanyia mwingine yale yale. Mtu mkimwaibisha kwa mwili wake, hamtamfanya awe safi. Mtamnyamazisha, na siku atakapokuwa na neno la kuwaokoa, atalimeza.

Nyumba ikinuka, fungua dirisha utafute chanzo. Na kama anayekuambia ananuka samli na moshi, msikilize vilevile.